Mbuzi ya Nazi Uvunguni

Bwana asifiwe! Asifiwe na walioamka wakicheka, asifiwe na walioamka wakilia, maana mie leo nimeamka na vyote viwili.

Ndugu zangu, mnanijua. Mie ni Marta, mjane wa Petro seremala, yule anayefua na kupiga pasi vitambaa vya meza ya Bwana hapa kanisani kwetu Temeke. Mnaniona kila Jumapili benchi la mbele, gauni limetiwa wanga, kitambaa cha kichwa kimenyooka. Basi leo nasimama kuwaambia kwamba mwanamke huyo wa benchi la mbele, miaka mitatu mizima, alikuwa haimalizi Sala ya Bwana. Naianza vizuri na ninyi. Mkate wa kila siku naomba. Lakini tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nafumba mdomo. Ninyi mnaendelea, mie nimenyamaza, natazama viatu vyangu. Nilijua nikitamka nitakuwa namdanganya Mungu usoni pake. Nilikuwa najiona mkweli, kumbe nilikuwa nakauka.

Nianze mwanzo. Mie ni Mnyamwezi, lakini kijiji sikukijua. Wazazi wangu walikufa ningali mchanga, nikalelewa misheni huko bara. Walinifundisha kusoma, kushona, kupiga pasi, na kumpenda Yesu, na kwa hayo nawashukuru hadi kaburini. Lakini mambo ya kikwetu walituambia tuyaache yote, ni ushenzi. Mie nikayaacha kabla hata sijayajua! Kisha akaja Petro, kijana wa kijijini aliyeongoka ukubwani, akanioa, tukateremka Dar es Salaam kutafuta kazi. Mtoto Bwana hakutupa. Tulikuwa wawili tu, mie na yeye na harufu ya mbao.

Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Mwajuma, mama wa Kizaramo, Mwislamu, anaishi na mama yake mzee. Ndugu zangu, mwanamke yule ana mdomo! Tangu siku ya kwanza akimwona Petro ni kelele: "Wewe mpagazi, leo umebeba nini kichwani?" Na Petro, mume wangu mpole, naye anajibu: "Nimebeba uvivu wa watu wa pwani, ni mzito huo, njoo unitue!" Wanacheka mpaka machozi. Mie nilikuwa nachukia. Petro akitaka kunieleza kwa nini wanafanya vile, namkatiza. Namwambia hayo ni mambo ya kishenzi, sitaki kuyasikia. Na mie nikisema sitaki, ni sitaki. Ole wangu, laiti ningemwacha aseme.

Kisha Petro akapata kifua. Mnajua kifua kile. Alikohoa masika yote, akakonda, mashuka yakawa yanatoka na damu. Watu wakaanza kutusalimu wakiwa mbali. Asubuhi moja akanishika mkono, akatabasamu, akaenda zake. Nilimpenda mume wangu, ndugu zangu. Hata leo nikisikia msumeno nageuza shingo.

Sasa sikieni lililotokea siku ya maziko. Jeneza limeinuliwa, wanaume wanataka kutoka nalo, mie nimeshikwa huku na huku. Mara Bi Mwajuma huyoo! Akajitupa chini mlangoni, akalala kizingitini na miguu kainyoosha, akapaza sauti: "Huyu hatoki! Mbuzi yangu ya kukunia nazi iko kwake, mguu umevunjika, mwezi wa pili huu aniambia kesho! Mnyamwezi gani huyu, anakufa ili akwepe kazi? Petro! Amka utengeneze mbuzi!"

Na watu wakacheka. Wakacheka, ndugu zangu, mbele ya jeneza la mume wangu! Mtu mmoja akampa kuku kama malipo ya kupisha, ndipo akainuka, akafuta machozi na pua kwa kanga, akapisha. Mie nilihisi kama nimetiwa kisu. Nikaapa palepale kwamba mwanamke yule simsamehe, simsamehe ng'o, hata siku ya ufufuo nitageukia upande wa pili.

Baada ya arobaini nikafungua sanduku la zana za Petro. Mle ndani, imefungwa kwa gunia, ilikuwamo mbuzi ya Bi Mwajuma. Ilikuwa imekwisha kutengenezwa! Mguu mpya wa mninga, umepigwa msasa ukawa laini kama shavu la mtoto, na ule ulimi wa chuma wa kukunia umenolewa. Aliimaliza mgonjwa, sijui saa ngapi, sijui kwa nguvu gani. Ilikuwa kazi yake ya mwisho duniani. Nami nilifanya nini? Nikaifunga tena kwenye gunia, nikaisukuma uvunguni mwa kitanda. Nikasema, atakuna nazi kwa meno.

Miaka mitatu! Kila alasiri nilimsikia Bi Mwajuma akipita nyumba hata nyumba, "Hodi, jamani, naomba mbuzi yenu." Nami moyoni nikifurahi. Mfungo ukifika aliniletea sahani ya futari, mihogo ya nazi na tambi. Nikawapa kuku. Na mnajua desturi yetu hapa, sahani ya jirani hairudi tupu, hata utie ndimu moja. Mie nilirudisha tupu, imeoshwa inang'aa. Yeye akaipokea na kusema, "Ahsante, mpagazi." Basi nikazidi kuwaka.

Na hasira hailali peke yake. Nikawa mkali kwa kila mtu. Waulizeni akina mama wa kwaya nilivyowasema kwa doa dogo la chai! Vitambaa vya Bwana vilikuwa vyeupe, lakini aliyevifua, lo!

Sasa mwaka huu, siku moja asubuhi, nilikuwa uani nikitia makaa kwenye pasi. Nikasikia kilio upande wa pili wa ukuta. Mama yake Bi Mwajuma amefariki. Nikaendelea na pasi yangu. Ndiyo, ndugu zangu, niliendelea kupiga pasi!

Hata adhuhuri akaingia mzee wetu wa kanisa, Mzee Daudi, Mnyamwezi mwenzangu, huyu hapa mnayemwona. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba hata hakukaa. Akasema, "Marta mwanangu, mtani wako amefiwa, nawe uko hapa na pasi? Wanakungoja."

Nikamjibu kwa ukali kwamba mwanamke yule alinidhalilisha mbele ya maiti ya mume wangu, na wala sina mtani. Mzee Daudi akaketi chini mchangani, pu! Akaniuliza kwa upole: "Kumbe hukujua?"

Akanieleza. Kwamba tangu zama za babu zetu walioshuka pwani na mizigo kichwani, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Msibani, mfiwa anazama katika majonzi, na kazi ya mtani ni kumvuta nje. Ndiye anayefanya kichekesho pale kila mtu anapolia, maana yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa. Na ndiye anayezifanya zile kazi ambazo wengine hawawezi. Mzee akaniuliza: "Lile shuka la Petro la mwisho, lenye damu, nani alilifua?"

Nikasema, akina mama wa kanisa.

"Akina mama wa kanisa waliogopa, mwanangu. Sisi sote tuliogopa. Alilifua Mwajuma. Maji ya bomba alichota yeye, godoro alitoa yeye juani, chumba akafagia. Na ule uji uliokuwa ukinyweshwa siku tatu, wewe hutazami hata aliyeshika kikombe, ulipikwa na yeye."

Ndugu zangu! Nililikumbuka lile shuka. Nililikuta kwenye kamba, jeupe, limekunjuka juani, nikashangaa nani kaniwahi. Mie, dobi wa meza ya Bwana, nimewahukumu watu kwa doa la chai. Na shuka la mume wangu, lililokimbiwa na kanisa zima, lilifuliwa na mikono ya mtu niliyemfichia mbuzi uvunguni! Nikalia pale pale uani, pasi mkononi, mpaka makaa yakazima. Nikasema, Bwana, uliniletea rehema mlangoni mwangu, nikaiita tusi. Nisamehe mie. Nami nikasikia lile neno linatoka lenyewe kinywani: nimemsamehe. Kisha nikacheka kwa uchungu, maana nilikuwa namsamehe mtu asiye na kosa.

Nikamwuliza Mzee, sasa nifanye nini, mie utani siujui? Akasema, "Nenda tu. Mungu atakupa maneno."

Nikaingia chumbani, nikapiga magoti, lakini mara hii si kusali tu. Niliichomoa ile mbuzi. Nikachukua na nazi moja. Nikatoka nilivyo, na vumbi la uvunguni usoni.

Pale kwa Bi Mwajuma jeneza lilikuwa tayari mabegani mwa wanaume. Nikaweka mbuzi katikati ya mlango, nikaikalia, nikaivunja nazi, nikaanza kukuna. Kru, kru, kru. Nikapaza sauti: "Bibi huyu hatoki! Miaka mitatu mbuzi yenu imevunjika mkajidai wagonjwa wa njaa. Leo imepona, kuna kazi, ndiyo mnakufa? Wazaramo, uvivu gani huu! Bibi, amka ukune nazi!"

Nilidhani nitapigwa. Kwanza akacheka mzee mmoja, kisha uwanja wote ukaangua kicheko. Na Bi Mwajuma, aliyekuwa hawezi hata kusimama, akainua uso. Akaiona mbuzi. Akaja akapiga magoti, akaupapasa ule mguu wa mninga, akajua ni mkono wa nani. Akanikumbatia huku analia na kucheka, akasema, "Mtani wangu, umechelewa miaka mitatu! Nilidhani sisi hamtutaki."

Siku ile nilichota maji, nikaosha vyombo, nikafua alivyoacha marehemu. Mbuzi nilimkabidhi, nikamweleza ilikuwa wapi. Hakunyamaza, msidhani! Alinitukana vizuri, kiutani, mpaka nikashiba.

Jumapili iliyofuata nilisali Sala ya Bwana mpaka amina. Wachache mligeuka kunitazama, maana nilipaza sauti.

Basi namshukuru Yesu aliyenifungua. Naye hakunifungua kwa ngurumo. Alinifungua kwa shuka lililofuliwa na nazi moja. Nawe uliye na mtu moyoni usiyeweza kumtaja katika sala, mwamini Bwana, mkabidhi jambo hilo leo. Pengine unayemwita adui ndiye aliyefua damu yenu ninyi mkiwa mmekimbia. Nendeni nyumbani, ndugu zangu, mkainame mchungulie uvunguni. Kama kuna mbuzi ya mtu, mrudishieni angali hai.

Wangu mie yuko pale nje dirishani, kajifunga kanga, kaja kusikiliza nisije nikaongopa. Ameniambia nisiposhuka upesi, wali wa nazi ataula peke yake. Basi nashuka, mtani wangu ananingoja.