Subiri Kidogo, Mpiga Picha wa Kilima

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, tunayemzika leo ni mume, baba, kaka na mjomba, kwangu mimi baba mkwe, na mtaa mzima ulimwita Subiri Kidogo. Ukimwita chakula kiko mezani, "Subiri kidogo, kuna wingu linakuja." Chakula kinapoa, yeye macho juu.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa tatu wa fundi seremala, kwenye nyumba iliyotazamana na kilima. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972. Baba yake aliugua, kwa hiyo badala ya kuendelea akashika randa. Picha hakufundishwa darasani. Wanaosema alibahatisha, waache waseme.

Mwaka 1977 alipata kazi studio ya picha za pasipoti. Alianza kwa kufagia, mwisho akawa anasafisha filamu. Mteja amekaa kwenye kiti, yeye anachungulia dirishani mwanga unavyoshuka kilimani.

"We, kilima hakilipi!" tajiri wake akamfokea.

"Lakini hakipepesi macho, bosi."

Mwaka 1984 alimuoa fundi cherehani wa mlango wa pili, mama yetu huyu hapa. Kabla ya posa alimpelekea picha kubwa ya kilima, kajaza humo njia, miti, ng'ombe, mpaka nguo za watu zimeanikwa. Alitaka kusifiwa. Mama akachukua vipande viwili vya karatasi ngumu ya kukatia mitindo, akafunika pembeni, akavisogeza taratibu mpaka kikabaki kilima, njia na mti mmoja. "Kitambaa kimezidi," akasema. "Kata hapa." Mwanaume akanuna wiki nzima, kisha akarudi kuposa. Tangu hapo hakuna picha iliyotoka nyumbani kabla ya vile vipande kupita juu yake. Hata kompyuta ilipokuja, mama aliviweka kwenye kioo.

Picha zake zilitundikwa kwenye hoteli, benki na wodi za wagonjwa. Nguzo ya umeme ikimwingilia, hakuifuta kwenye kompyuta. Alihama yeye, hata kama ni kupanda mwamba. Alisema picha inapangwa kwa miguu, kompyuta ni pasi tu. Aliongeza kivuli hapa, akapunguza mwanga pale, mpaka ifanane na alichokiona, basi.

Halafu wakaja watu wa kokoto na mashine zao, wakaanza kukila kilima. Hasira ipo mpaka leo, ila leo si siku yake. Wakati huohuo sukari ikaanza kumla macho. Kabla hayajazima kabisa alipanda akapiga picha ya mwisho: alfajiri, jua limegusa bega la kilima, na chini kushoto mashine moja kwenye kidonda cheupe walichokichimba. Nyumbani akaikata kwenye kompyuta, mashine ikabaki nje. Alitaka aiache hiyo, imekamilika, kabla hajaondoka duniani. Kabla hajaimaliza, macho yakazima kabisa. Binti yake alikaa kwenye kompyuta, mama akawa macho yake.

"Fundi, kushoto nimekata wapi?"

"Kabla ya mashine."

"Imekaa vizuri?"

"Imekaa vizuri sana. Na ni uongo."

"We mwanamke! Mtu anakufa, unamwita mwongo?"

"Hata ungekuwa mzima ningekuita hivyohivyo. Wajukuu wakiuliza kilima kilienda wapi, tuwajibu nini? Kilihama?"

Binti akajifanya anatafuta miwani, na miwani iko usoni.

"Si wewe uliyenifundisha kukata?"

"Nilikufundisha kukata kilichozidi, mume wangu. Hiki hakijazidi."

Mzee akanyoosha mkono. Mama akamchorea kiganjani kwa kidole: bega la kilima hapa, kidonda kinaanzia hapa mpaka hapa, mashine ndogo kama punje. Akamrudia tena, polepole, mpaka mzee akaitikia kwa kichwa.

"Irudishe yote," akamwambia binti. "Ila jua lishushe kidogo pale begani, lisiwe la harusi."

Binti akashusha. Mama akasema, "Hapo." Na mzee akasema, "Hapo."

Figo zilifuata macho. Alilazwa Aprili, akafariki hospitalini asubuhi ya tarehe 3 Mei 2024, mkono wake uko kwenye mkono wa mama. Muuguzi alitaka kuutoa, mama akamwambia aache kwanza.

Ameacha mke, binti mmoja na mkwe, wajukuu wawili, dada yake mkubwa, na wapwa wengi wenye vichwa vigumu kama yeye.

Picha iliyo juu ya karatasi mlizoshika ndiyo hiyo. Mchapaji alipiga simu kuuliza kama aiondoe mashine, eti inaharibu. Tulimjibu vibaya kidogo, atusamehe. Naomba muiangalie hadi kwenye kona. Mama amekaa hapa mbele; mkimaliza kumpa pole, mwambieni mmekiona kilima chote.

Mungu ampokee baba yetu, alale kwa amani.