Tumbo la Jemadari

Sogeeni hapa kitandani, wanangu, na wewe kifungua mimba acha kujificha nyuma ya dada yako, maana haya ni yako kabla hayajawa ya mwingine. Cherehani iliyobaki ni ya binti, ndiye mwenye mikono. Masufuria gawaneni bila kutoana macho.

Asubuhi ile redio ilipopiga muziki wa gwaride badala ya habari, tuliambiwa serikali imepinduliwa, tushangilie. Tukashangilia, nani angenuna mbele ya bunduki? Hata vumbi la vifaru halijatulia, Jemadari akataka koti jipya, akaja dukani kwa baba yenu. Naye akampima kama alivyompima kila mtu, akitaja vipimo kwa sauti ili mimi niliyeshika chaki nivisikie: bega, kifua, kisha, mdomo uliponza kichwa, "Mama watoto, tumbo limepita kifua, ongeza kitambaa!" Ofisa mmoja akacheka. Aliyecheka hakuonekana tena. Baba yenu walimwacha amalize koti kwanza. Kisha wakamwita msaliti, wakamchukua, na duka wakalitia kufuli.

Leo wanakutaka wewe, mwanangu, kesho upande jukwaani pale uwanjani, useme mbele ya watu kwamba kweli baba yako alikuwa msaliti, upewe ufunguo wa duka. Najua una watoto, na njaa haina haya. Ukikataa, utapelekwa alikopelekwa yeye; ukikubali, utakuwa umemzika mara ya pili mtu ambaye hata mara ya kwanza hatukumzika.

Nimewaza nikaona sina shamba wala ng'ombe wa kukurithisha. Nina kifo tu, basi chukua hicho. Hata hao wenye bunduki bado wanaona aibu kumburuta mfiwa kutoka msibani. Uji huo uondoeni, msinicheleweshe. Msinizike harakaharaka, kaeni matanga mpaka jukwaa lao livunjwe. Wakirudi kukuita siku nyingine, kamwombe shangazi yako naye akufie, ni mzee, hana kazi.

Mungu awape mgongo mgumu, na ulimi mfupi kuliko wa baba yenu. Msigombane. Binti, nishike hapa... hapo. Mlango uacheni wazi, na mlie kwa sauti, mlie mpaka wasikie kule kambini...

Bado, we mjinga. Ngoja kwanza nife.