Kinundu cha Nyuzi Thelathini na Saba

Ndugu, jamaa na marafiki, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mwanga, na mnivumilie, maana mengine humu yananichoma.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati yetu watano, akamaliza shule ya msingi mwaka 1975, sekondari mwaka 1979 na chuo cha ufundi mwaka 1982, akatoka na cheti kimoja, ambacho alisimangwa nacho maisha yake yote.

Tarehe 3 Mei 1983 aliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha taa za magari, akawa anang'arisha sahani za chuma, anazimulika kutoka pembeni na kupima pembe ambazo mwanga unaelekea, kwa nyuzi, maana hata chuma kilichong'arishwa mpaka ukajiona kina mikwaruzo isiyoonekana, inayoutawanya mwanga. Kwa miaka kumi na miwili, kwa penseli na daftari, alitafuta kanuni ya kukokotoa mtawanyiko huo kabla sahani haijatengenezwa, na akaipata.

Aliolewa tarehe 12 Desemba 1987 na shemeji yetu dereva, wakajaliwa binti mwaka 1989 na mwana mwaka 1993, waliozoea kumwona mama yao akigeuzageuza kijiko kwenye mwanga wa dirisha mpaka chakula kinapoa.

Mwaka 1998 mkuu wa maabara alimwomba daftari lake alipitie, na mwaka uliofuata kanuni ikatoka katika jarida la kisayansi kwa jina la mkuu peke yake. Dada alipomfuata aliambiwa, "Wewe ni fundi, mama, hesabu waachie wenye shahada." Alirudi nyumbani kameza machungu, akaisoma makala, na kwenye mchoro wa vipimo vya mwanga akakuta mstari umeinuka kinundu penye nyuzi thelathini na saba, kimeelezwa kurasa mbili nzima kuwa ugunduzi mpya. Kumbe kilikuwa alama ya kidole gumba chake mwenyewe, aliyoiacha kwenye sahani kwa bahati mbaya, kosa alilolisahihisha katika daftari la pili, ambalo mkuu hakuliomba. Aliandikia jarida barua tatu, akitaka jina lake tu, na hakujibiwa ng'o.

Aliugua mapafu tangu Agosti 2021, akalazwa mara nne, akafariki tarehe 9 Juni 2023.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupokea kila tulipotoka hospitali, na wenzake wa kazini, akiwemo mkuu mstaafu aliyeketi mstari wa mbele, aliyeomba nisome kwamba marehemu alikuwa msaidizi mwaminifu. Nimesoma. Daftari la pili liko mezani kando ya picha, limefunguliwa penye sahihisho lake la nyuzi thelathini na saba, kila anayepita kuaga alitazame, na nafasi ya kwanza tumempa mkuu.

Pumzika kwa amani, dada, kidole chako tunakijua.