Maisha ya Mama Nusu Kaputi, Muuguzi Aliyelaza Wagonjwa kwa Filamu

Marehemu hakuwa na subira na filamu inayochelewa kuanza. Kwa hiyo familia imeniagiza mimi, mtoto wake wa pili, niingie moja kwa moja kwenye habari. Kazi hii ilikuwa ya kaka yangu mkubwa, lakini jana alijaribu kusoma sentensi ya kwanza akashindwa kufika kwenye nukta.

Mama alizaliwa tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, katika chumba cha nyuma ya duka la viatu. Ukuta wa chumba hicho ndio huohuo uliokuwa ukuta wa jumba la sinema. Wapangaji wengine walikikimbia kwa sababu ya kelele; babu alikichukua kwa sababu cherehani yake nayo ilikuwa na kelele, akaona zitashindana. Basi Mama alikua akizisikia filamu kabla hajaziona. Alisikia farasi, milango, risasi na watu wakibembelezana kwa lugha ambazo hakuna aliyezijua pale nyumbani. Akawa anawafafanulia wadogo zake: huyu anadai shamba lake, yule amemficha mke wa mtu, na kukiwa kimya kirefu, aliwaambia, “Hapo wanapigana busu, zibeni masikio.” Alipofikisha miaka tisa babu alimwingiza ndani kwa mara ya kwanza. Alitazama mpaka mwisho, akatoka amenuna. Babu akamuuliza kama haikumpendeza. Akajibu, “Ile yangu ilikuwa nzuri zaidi.”

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha akaenda sekondari ya wasichana ya bweni, ambako alifanya vizuri katika masomo yote isipokuwa jiografia. Si kwamba hakuijua. Tatizo ni kwamba aliijua kutoka kwenye sinema. Mtihani ulipomtaka aeleze shughuli kuu za wakazi wa nchi za baridi, aliandika kwamba wakazi hao husimama dirishani, huvuta sigara, na humfikiria mtu aliyeondoka kwa treni. Alipata sifuri. Mwalimu wa jiografia, ambaye inasemekana naye alikuwa mpenzi wa sinema, aliandika chini ya sifuri ile: “Ni kweli, lakini sivyo tulivyofundisha.”

Mwaka 1970 alijiunga na chuo cha uuguzi, na mwaka 1977 akahitimu mafunzo ya kutoa dawa ya usingizi. Hapo ndipo alipopata jina la Mama Nusu Kaputi, ambalo wengi wenu mlidhani ndilo la kwenye cheti chake cha kuzaliwa.

Wauguzi wenzake walimtaka mgonjwa ahesabu mpaka asinzie. Mama alisema kuhesabu humkumbusha mtu shule, na shule humtia hofu. Yeye alimsimulia mgonjwa filamu. Aliinama karibu na sikio, mkono mmoja kwenye mapigo ya moyo, akaanza: “Kulikuwa na mwanamke mmoja katika mji wa milimani, anakunja mashuka ya hoteli. Siku hiyo katika mkunjo wa shuka akakuta pete.” Mgonjwa alisinzia na swali la pete ile, akiwa ametulia kama mtoto aliyeshiba.

Shida ilianza walipoamka. Kondakta mmoja wa basi aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri alifumbua macho, na kabla hajauliza kama amepona, akauliza, “Pete ilikuwa ya nani?” Mama alikuwa tayari yuko kwa mgonjwa mwingine. Kondakta akaruhusiwa kwenda nyumbani, akarudi siku ya kliniki, akapimwa, akaambiwa yuko sawa, akagoma kuondoka. Alikaa kwenye benchi la nje na kuwasimulia wagonjwa wengine mwanzo wa filamu ile. Ilipofika saa ya chakula, benchi zima lilikuwa linadai kujua habari za pete.

Daktari mkuu alimwita ofisini. “Muuguzi,” alisema, “kwa nini huwaambii mwisho yaishe?”

“Daktari, wakishaujua mwisho hawalali.”

“Basi uwasimulie filamu zisizo na mwisho wa maana.”

“Hizo ndizo ninazozipenda, Daktari, na ndizo zinazowasumbua zaidi.”

Daktari akapiga marufuku filamu katika chumba cha upasuaji. Marufuku hiyo ilidumu mpaka yeye mwenyewe alipougua kidole tumbo. Akiwa kitandani, amevaa lile gauni la mgonjwa lililo wazi mgongoni, alimvuta Mama mkono akamnong’oneza: “Ya mapenzi, tafadhali. Isiwe ndefu.” Wanaomfahamu wanasema maneno yake ya kwanza alipozinduka yalikuwa, “Walioana?” Mama akamjibu, “Tutaonana kliniki, Daktari.”

Alifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2011, na hakupoteza mgonjwa mezani kwa kosa la dawa yake. Jambo hilo hakulitaja hata siku moja, kwa hiyo tunalitaja sisi.

Baba alikutana na Mama mwaka 1978, alipokuja kuchomelea geti la wodi. Mama alimwona akilitazama geti kwa macho ya huzuni, akamdhania ni mtu wa fikra nzito, akamwalika sinema. Ilikuwa filamu ya kigeni ya rangi nyeusi na nyeupe, yenye maandishi ya chini, kuhusu mjane anayekataa kuuza nyumba yake. Watu walikuwa wakilia ukumbi mzima. Mama naye machozi yalikuwa yanamtoka. Katikati ya ule msiba, Baba akamwinamia na kusema kwa sauti ya mtu aliyevumilia mno, “Aliyelifunga lile geti la mjane hajui kazi. Bawaba ziko upande usiofaa.” Mama alicheka mpaka mlinzi akaja na tochi kuwatoa wote wawili. Walisimama nje, Baba akiomba radhi, Mama akijishika mbavu. Walifunga ndoa Agosti mwaka uliofuata na wakajaliwa watoto watatu.

Katika maisha yao yote pamoja, Baba hakuwahi kubadili namna yake ya kutazama. Ukimuuliza filamu ilikuwaje, alikwambia, “Nzuri. Ila yale madirisha!” Mama alimwita mhakiki pekee asiyedanganya.

Kila Jumamosi mchana sebule yetu iligeuka ukumbi. Waliokuja ni wengi, lakini wa kudumu walikuwa wanne: Mama, Baba, Mama Mdogo ambaye ni mdogo wake marehemu, na jirani yetu wa ng’ambo ya barabara, mwalimu mstaafu wa hesabu tunayemwita Mwalimu Kipeuo. Mama Mdogo alisinzia kila filamu kuanzia majina ya waigizaji, na bado alikuwa na maoni. Mwalimu Kipeuo aliamini kwamba kila filamu ina jibu moja sahihi. Sheria ya sebule ilikuwa kwamba hakuna kusema mpaka filamu iishe, na Mama ndiye anayefungua mjadala.

Sasa tufike kwenye ile filamu ya mlango. Wengine mlikuwepo, na naomba msianze upya hapa makaburini.

Ilikuwa filamu ya nchi ya mbali yenye theluji. Mzee anatengeneza mlango wa nyumba yake. Filamu nzima anapiga randa, anapima, anaanguka kwenye ngazi, anainuka, anaendelea. Mwisho mlango umekamilika, mtu anabisha hodi kwa nje, mzee anashika kitasa, na skrini inakuwa nyeusi.

Mama alisema aliyebisha ni mkewe aliyemwacha zamani. Mwalimu Kipeuo akatabasamu kama mtu anayesahihisha daftari.

“Dada, hiyo ni hesabu rahisi. Mzee alikufa alipoanguka kwenye ngazi. Yote yaliyofuata ni ndoto. Aliyebisha ni mauti.”

“Mwalimu,” Mama akasema, “umefundisha miaka yote hiyo, na bado ukikosa jibu unaua mtu.”

Watu wakacheka. Baba akajaribu kupatanisha kwa kusema kwamba hata hivyo mlango ule ulikuwa unafungukia upande mbaya, na aliyebisha angegongwa pua. Watu wakazidi kucheka. Mwalimu Kipeuo alisimama, akashukuru kwa chai, akatoka. Kwa hasira aliyokuwa nayo alivaa kandambili za Baba.

Wiki iliyofuata alinunua televisheni kubwa kupita ukuta wake na kuanzisha Jumamosi yake mwenyewe. Alikuwa na viti vya sofa. Sisi tulikuwa na viti vya chuma alivyochomelea Baba, ambavyo ni imara kabisa na vinaumiza kabisa. Mmoja mmoja watu wakavuka barabara. Mama Mdogo alivuka pia, akajitetea kwamba kule mtu anapata usingizi wa maana. Mama alisema haidhuru. Lakini kila Jumamosi alifungua mapazia ya upande wa barabara, eti apate hewa, akakaa anatazama televisheni ya Mwalimu kupitia madirisha mawili, bila sauti, akimweleza Baba kinachosemwa.

Mgogoro huo ulikaribia miaka mitatu. Hawakusemezana. Kila mmoja alimtuma Baba kwa mwenzake, na Baba si mtu wa maneno. Mama alimtuma hivi: “Mwambie Mwalimu kwamba filamu aliyowaonyesha leo imejaa vumbi na farasi ili watu wasigundue kwamba haina moyo.” Baba alivuka barabara, akasema, “Hakuipenda,” akarudi. Mwalimu naye alitoa hotuba nzima ya kujibu. Baba akaifikisha: “Anasema aliipenda.” Tunaamini kwamba kama Baba angefikisha maneno yote kama yalivyo, tungekuwa mahakamani.

Mwaka 2016 Mama aligundulika kuwa na uvimbe tumboni. Alipelekwa kwenye chumba kilekile cha upasuaji alichokifanyia kazi, na wa kumpa dawa ya usingizi alikuwa kijana aliyefundishwa na Mama mwenyewe. Kijana akamwambia kwa heshima zote, “Mama, anza kuhesabu.”

“Nani alikufundisha upuuzi huo? Nisimulie filamu.”

Kijana akachanganyikiwa. Akaanza, “Kuna gari jekundu, linakimbizwa na...”

“Nani yuko ndani ya gari?”

“Bado sijafika hapo, Mama.”

“Unaanzaje na gari kabla ya mtu? Rudia.”

Kijana akarudia. Mama akamsahihisha. Akarudia tena. Alipofika pale ambapo dereva ana binti anayemngoja stesheni, Mama akasema, “Enhe, sasa,” akalala. Kijana ametuambia kwamba tangu siku hiyo hamhesabishi mtu.

Alipozinduka alikuwa bado amelewa dawa. Ndani ya wodi walikuwepo Baba na dada yangu. Mtu akabisha mlangoni. Mama, macho yakiwa nusu wazi, akauliza, “Nani anabisha?”

“Ni mimi, dada,” akajibu Mwalimu Kipeuo. Alikuwa amesimama na mfuko wa machungwa, na miguuni zile kandambili za Baba.

Mama aliziangalia zile kandambili. “Basi wote tulikosea,” akasema.

Mwalimu alilia. Baada ya hapo alivuta kiti, na walipofika kwenye suala la ngazi sauti zao zilisikika mpaka duka la dawa, muuguzi wa zamu akamtoa nje. Wiki ambayo Mama alirudi nyumbani, ile televisheni kubwa ilivukishwa barabara. Baba aliitengenezea meza ya chuma nzito kiasi kwamba hakuna mtu atakayeweza kuirudisha ilikotoka.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Daktari alimkataza ngazi, chumvi na mabishano. Mawili ya kwanza aliyatii. Katika miezi ya mwisho alitaka vichekesho tu. Alisema huzuni alikuwa ameiona ya kutosha na haikuwa na jipya.

Alifariki Jumamosi tarehe 14 mwezi huu, nyumbani, kwenye kiti chake. Walikuwa wanatazama kichekesho cha zamani, cha harusi inayofanyika kwenye boti bovu. Filamu ikaisha, wote wakangoja afungue mjadala kama kawaida. Alikuwa amenyamaza, macho kwenye skrini. Mwalimu alitaka kuanza, Baba akamzuia: “Mwache, anafikiri.” Wakangoja kwa adabu. Mama Mdogo, ambaye siku hiyo hakusinzia, ndiye aliyemshika mkono na kutuita.

Daktari alisema moyo ulisimama taratibu, bila maumivu. Hakuweza kusema ni saa ngapi hasa, na hapo ndipo kwenye utata. Mwalimu Kipeuo anasema alituacha katikati, kabla boti halijazama, kwa sababu pale hakumsikia akicheka. Baba anasema si kweli. Anasema boti lilipozama, na bwana harusi akabaki ameshika keki juu ya maji, Mama alimfinya mkono. Wamebishana juu ya hilo wiki nzima ya msiba, jikoni, uani, na asubuhi ya leo ndani ya gari lililotuleta hapa. Sisi watoto tulitaka kuwanyamazisha. Kisha tukaona kwamba Baba anapobishana ndipo anapokula, tukawaacha.

Mimi nilimuuliza faragha, “Baba, una hakika alikufinya?”

Akautazama mkono wake wa kulia. “Kwa nguvu,” akasema. “Mwanangu, aliiona yote.”

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake mmoja, jirani mmoja asiye na mtu wa kubishana naye isipokuwa Baba, na watu wengi wa mji huu waliolala mikononi mwake wakaamka salama. Mungu amlaze pema, katika amani isiyokatizwa.