Jina la Mwisho Kwenye Ripoti ya Visima

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, mnayemsindikiza leo ni kaka yangu wa pekee. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi reli na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni. Miaka minne baadaye nikazaliwa mimi, na tangu hapo sikupenda kumgawana na mtu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akaenda sekondari ya bweni, na mwaka 1986 akahitimu chuo kikuu katika fani ya vijidudu vya maji. Nilimfuata chuoni, ila nikachukua historia. Alizoea kunitania: "Mdogo wangu, wewe unasoma waliokufa, mimi nasoma wanaoua."

Tarehe 5 Desemba 1990 alimwoa mwalimu wa hesabu. Wifi nilimwonea wivu wiki tatu, hadi aliponikabidhi ufunguo wa nyumba yao. Walijaliwa mabinti wawili.

Miaka thelathini alifanya kazi katika maabara ya ghorofa ya pili, pamoja na mtaalamu wa sampuli niliyempachika jina la Mama Chupa. Yupo hapa, anajua. Wivu wangu kwa huyo haukuisha. Walikuwa wakichekeana juu ya bakteria, nami nimekaa pembeni kama mgeni aliyekosea mlango.

Mwaka 2010 kaka alilikubali wazo langu: tuchunguze kwa nini watu wanakikwepa kisima kipya na kurudi kwenye cha zamani. Tuligombana tangu siku ya kwanza. Mimi nilitaka masimulizi, yeye alitaka takwimu, akaja na fomu ya maswali sitini. Mama mmoja kwenye foleni ya ndoo akamwuliza, "Baba, umekuja kupima maji au kunipima mimi?" Kaka alicheka hadi akakaa chini. Kuanzia hapo maswali akaniachia mimi.

Ripoti ilitoka Mei 2012. Jina la kwanza, Mama Chupa. Langu la sita, la mwisho kabisa. Kwetu wanahistoria, wa mwisho ni aliyebeba mikoba. Sikuuliza. Nilinuna miaka tisa, na aliponialika kwenye utafiti wa pili nikamjibu, "Si unaye Mama Chupa wako?"

Januari 2021 figo zilianza kumsumbua. Tarehe 6 Juni nilifika wodini nikamkuta Mama Chupa amemshikia kikombe cha maji. Wivu ukanipanda hata pale, nikayatapika yote ya ripoti ile. Mama Chupa akakiweka kikombe mezani.

"Dada, kwetu wanasayansi wa mwisho ndiye mwenye kazi, aliyeleta wazo na kuliongoza. Wa kwanza ni mimi niliyehangaika na sampuli. Kaka yako alibishana na mkuu wa idara mwezi mzima ili nafasi ile uipate wewe."

Nikamgeukia kaka. "Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua," akasema. "Ulipokataa, nikajua umenichoka."

Alifariki tarehe 9 Juni, saa kumi jioni. Mimi nilipata siku tatu. Mama Chupa alipata ile miaka tisa yote, na namwonea wivu hadi dakika hii, ingawa ni mimi niliyempa.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, dada yake, na Mama Chupa, ambaye wifi amesema aandikwe pamoja nasi. Nilibisha, kisha nikamwandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Pumzika kwa amani, kaka. Laiti ningekuuliza siku ile ile ripoti ilipotoka.