Nani Alimsaidia Mkunga

Benchi ni langu, maana liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, lakini anayelikalia kuliko wote ni Meja, ambaye hajawahi kuvaa gwanda hata siku moja. Jina alilipata kwa kupenda kutoa amri. Pembeni yake hukaa Redio, mwenye duka la fotokopi, mtu asiyeishiwa habari. Wa tatu ni Kinyozi, huja na taulo begani wateja wakipungua. Asubuhi hiyo tulikuwa tunakunywa kahawa, macho yote ng'ambo ya barabara, kwenye zahanati. Yule mama mkimbizi tuliyezoea kumwita Mgeni alikuwa ametupita sasa hivi, kavaa koti jeupe. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini.

— Mmeona koti lilivyomkaa? — Redio akaanza. — Ile barua ya maombi niliichapa mimi. Bila mimi angekuwa bado anakunja nguo kwa Mshonaji.

— Wewe ulichapa karatasi tu, — Meja akamkata. — Mimi ndiye niliyempokea siku ile aliposhuka kwenye lori.

— Ulimwambia asogee, unataka kuegesha baiskeli.

— Nilimwambia kwa upole.

Tukacheka. Mimi nilikuwa nagonga kisigino cha kiatu, nikawaacha waendelee, ingawa ukweli naujua kwa sababu mke wangu alikuwa mmoja wa waliomsaidia. Mgeni alifika na mfuko mmoja, bila mume, bila ndugu, bila karatasi yoyote. Miezi mitatu hakusema neno zaidi ya asante. Mshonaji, fundi nguo wa mtaa wetu, akampa chumba cha nyuma ya duka lake, na kila Jumanne alasiri wanawake wa mtaa wakawa wanakusanyika humo kushona. Hakuna aliyemuuliza yaliyompata. Walimpa sindano, wakampa vifungo, wakaendelea na soga zao za kawaida, sisi waume zao tukisemwa mmoja baada ya mwingine, mpaka siku moja akacheka.

— Semeni mnavyotaka, — alisema Kinyozi. — Mimi najua alivyomshika mke wangu.

Mwaka jana, mchana wa mvua kubwa, uchungu ulimshika mke wa Kinyozi akiwa kwenye kushona, na mtoto katanguliza miguu. Gari la wagonjwa lilikuwa limenasa kwenye matope, na zahanati siku hiyo ilikuwa na muuguzi mmoja aliyeanza kazi juzi, hajawahi kuzalisha peke yake. Mgeni akaweka sindano chini, akanawa mpaka kwenye viwiko, akasema kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia: "Mlazeni hapa. Mimi ni mkunga. Miaka kumi na tisa."

— Nilikuwa nje ya mlango, — Kinyozi akasema. — Namsikia anamwambia, "Usisukume. Bado. Pumua na mimi." Saa nzima, taratibu hivyo hivyo. Halafu nikasikia mtoto.

— Mkunga wapi! — Redio akarudi hewani. — Yule ni daktari mkubwa. Kwao alikuwa na hospitali ya ghorofa nne.

— Sita, — akasema Meja. — Na wakubwa wa jeshi walikuwa wanapanga foleni kwake. Ndiyo maana akakimbia. Anajua siri.

— Siri za wanajeshi wanaojifungua? — Kinyozi akauliza.

— Siri ni siri, bwana.

— Mimi nasikia kibali chake cha kazi kimetiwa saini na mfalme, — Redio akashusha sauti. — Wa nchi gani, bado sijaambiwa.

— Kimetiwa saini na bwana wa ofisi ya vyeti, — nikasema. — Vyeti vyake viliungua pamoja na nyumba. Akaambiwa njoo kesho, mara saba. Mara ya nane walikwenda wanawake kumi na mmoja na cherehani ya mkono, wakakaa kwenye korido wanashona, ofisi inafunguliwa wapo, inafungwa wapo. Siku ya nne yule bwana akampangia mtihani, na mtihani kaupita.

— Ile cherehani niliitia mafuta mimi, — akasema Meja.

Hatukuona alikotokea mama mmoja tusiyemjua. Alisimama mbele ya benchi, viatu vimeisha upande, mfuko kaukumbatia kifuani.

— Shikamooni, baba zangu. Nimeambiwa stendi kwamba mtaa huu kuna mkunga, katoka mbali kama mimi.

— Umefika, mama, — Meja akajivuta wima. — Sisi hapa ndio watu wake.

— Anaitwa nani?

Meja akamgeukia Redio. Redio akanigeukia mimi.

— Sisi tunamwita Mgeni, — nikasema.

— Jina lake, baba. Lile alilopewa na wazazi wake.

Sikuwa nalo. Mke wangu analo, wanawake wote wa Jumanne wanalo, lakini mimi sikuwahi kuuliza. Yule mama akatueleza kwamba anamtafuta wifi yake. Walipotezana mpakani, watu walipoanza kukimbia, na tangu hapo kila mji anaoshuka huuliza. Akalitaja jina la wifi yake polepole, kama mtu aliyezoea kujibiwa hapana.

Kinyozi akaweka kikombe chini.

— Hebu rudia.

Akarudia.

— Hilo ni jina la binti yangu, yule aliyezaliwa mikononi mwa Mgeni, — akasema Kinyozi. — Mama yake ndiye aliyelichagua. Mimi hata sikumuuliza kalitoa wapi.

Akaupokea ule mfuko, wakavuka barabara, yeye mbele, yule mama nyuma akikaribia kukimbia. Mlango wa zahanati ukafunguka, ukafungwa. Walivyokutana hatukuona. Tulisikia tu sauti mbili, kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu pale kwenye benchi aliyeifahamu.