Figo Nzima, Nusu Dawa

Nawasalimu kwa jina la Mungu aliyenisimamisha hapa. Wengi wenu Naro Moru mnanijua, mimi ndiye nachanganya dawa ya kupe kwa dipu, lile josho la ng'ombe. Na mnajua vile huwa nawagombeza mkiniambia, "Mzee, punguza kidogo, ng'ombe wangu anawashwa." Huwa nawajibu: kupe akionja dawa hafifu asife, atazaa kupe wasioiogopa.

Sasa sikieni vile huyo mjuaji alianguka.

Figo zangu zilikufa, dada yangu akanipa moja yake. Yule pale nyuma, anajificha. Ili mwili usiikatae, nilipewa vidonge vya kupunguza kinga. Daktari akanieleza kuna virusi vya kawaida, karibu kila mmoja wetu anavyo, vimelala tu. Kinga ikishuka vinaamka. Nikapewa dawa ya kuvizuia.

Ndugu zangu, hiyo dawa ilinichafua tumbo vibaya. Nikaanza kumeza nusu. Sikumwambia mtu, ati mwanaume mzima atalilia kidonge?

Haikuchukua miezi mingi. Homa, kuhara, figo ikaanza kulegea. Wakaniongezea dawa ileile, wapi. Damu ikapelekwa kupimwa vinasaba vya hivyo virusi. Daktari akarudi, akasema, "Vimebadilika. Dawa hii haviisikii tena. Ulikuwa unaimeza vipi?"

Nikaikumbuka dipu yangu. Nikasema ukweli wote, dada yangu akiwa amekaa pale kando ya kitanda.

"Mimi nilikupa figo nzima," akasema, "wewe unaipa nusu dawa?"

Nawaambia, niliona aibu nikalia kama mtoto.

Dawa iliyobaki ilikuwa ya dripu, na hiyo nayo ingeweza kuumiza figo. Lakini bila hiyo dawa tungeipoteza figo yenyewe. Wiki tatu nililala na sindano mkononi, manesi wakipima kila tone la mkojo. Virusi vikapungua, vikapungua, na leo havionekani kwa damu.

Asanteni manesi, asanteni nyinyi mliokamua ng'ombe wangu, na asante dada, ulikasirika lakini hukuondoka. Na wewe uliye na dawa inayokutesa, kamwambie daktari. Usijipimie.

Kuna wenye watasema hii si ya kusemwa mbele ya watu, lakini aliyewahi kuwa na figo zilizokufa ataelewa. Leo asubuhi nimekojoa, ndugu zangu, mpaka ng'ombe akageuka kuniangalia.